Kinyozi Aliyemnyima Mgeni Chakula

Hakuna mtu anayebishana na mwenye wembe shingoni mwake. Kinyozi wetu alilijua hilo mapema, na kusema kweli alilitumia vibaya. Alikuwa akingoja mteja alale vizuri kitini, povu limpande mpaka karibu na pua, kidevu kiangalie dari, ndipo aanze mahubiri. Atahubiri mpira, atahubiri ndoa za watu, na zaidi ya yote atahubiri afya. Mteja afanyeje? Akitikisa kichwa atapoteza sikio. Basi ananyamaza, na kinyozi anauchukua ule ukimya kuwa ni kukubali. Ndivyo alivyopata jina la Dokta Wembe. Watu walimpa kwa utani, yeye akalipokea kwa mikono miwili.

Lakini tusimnyime haki yake, kazi aliijua. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, benchi la wanaosubiri, na kiti kimoja cha kunyolea ambacho ngozi yake ilishonwa mara nyingi kuliko suruali ya mwanafunzi. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hata wazee wenye mashavu yaliyokunjamana walitoka kwake bila mkwaruzo, kwa sababu alikuwa na neno lake: "Vimba shavu." Mzee anajaza hewa mdomoni, ngozi inanyooka, wembe unapita juu yake kama kwenye meza. Tangu ajifunze kazi hakuwahi kumtoa mtu damu, na kila aliyekaa pale aliambiwa hivyo apende asipende.

Kisha likaja lile homa la mafua makali. Liliingia mtaani bila hodi, likaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ukipita asubuhi ulisikia vikohozi tu nyuma ya madirisha. Wazee wawili waliokuwa wateja wake wa muda mrefu walikwenda na homa hilo, na nafasi zao kwenye benchi zikabaki wazi kwa sababu hakuna aliyetaka kuzikalia. Dokta Wembe akaanza kunawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Usiku hakulala vizuri. Aliogopa, na alikuwa na sababu yake.

Mama yake alikufa kwa kifua katika msimu kama ule, miaka ya nyuma. Siku za mwisho mtoto huyu, wakati huo kijana mkubwa tu, alikaa kando ya kitanda mikono mitupu, hajui ashike nini. Alimwangalia mama yake akitafuta pumzi na hakuwa na chochote cha kumpa. Tangu siku hiyo aliapa kwamba ugonjwa hautamkuta tena hana dawa. Sasa mtu wa namna hiyo, anayeogopa kiasi hicho, ukimpa dawa yoyote ataikumbatia bila kuuliza inatoka wapi.

Yake ilitoka kwenye simu. Ni ujumbe uliotumwa na mtu aliyetumiwa na mtu mwingine, umejaa alama za mshangao. Siku ya pili yake, kando ya chupa ya spiriti na kopo la poda, ikasimama chupa kubwa ya chai, na ndani yake tangawizi, limau na vitunguu saumu vilivyopondwa, vikachemshwa mpaka maji yakawa makali kama kesi ya shamba.

"Virusi ni mgeni," alimwambia fundi baiskeli, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa chini ya wembe. "Wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe simpi. Mimi namnyima chakula! Kwa sababu ukila wewe na yeye anakula. Ukiacha kula, anakosa, anatafuta mlango mwenyewe. Unakunywa hii tu, asubuhi, mchana, jioni. Si kweli, fundi?"

Fundi baiskeli akaguna ndani ya povu.

"Mmemsikia," Dokta Wembe akawaambia wa kwenye benchi. "Hata fundi anakubali."

Alipomaliza kunyolewa, fundi akajifuta uso na kusema, "Nilikuwa nakwambia sabuni imeniingia puani." Watu wakacheka mpaka benchi likalia. Fundi akaenda zake nyumbani akala wali na maharagwe na mboga sahani imejaa, na ugonjwa ukampitia akiwa na nguvu za kuutukana. Wengi walifanya hivyo. Walikunywa kikombe cha Dokta kwa heshima, wakaenda kula kwao. Mtu mmoja tu mtaani kote aliyafuata maneno ya Dokta Wembe neno kwa neno, na huyo alikuwa baba yake.

Mzee alikuwa mwashi mstaafu. Nusu ya kuta za mtaa ule zilipita mikononi mwake, na alikuwa bado akipita anazigonga kwa kifundo cha kidole kama anayesalimiana nazo. Aliishi kwa mwanawe, chumba cha nyuma, kwa sababu kijana hakuwa ameoa na kila akiulizwa alisema mke yuko njiani anakuja. Homa lilipomshika, Mzee alijilaza, akavuta blanketi mpaka kidevuni na kusema, "Haya, Dokta. Nitibu." Alisema hivyo akitabasamu, lakini hakuwa anatania. Alijivunia mwanawe kuliko ukuta wowote aliowahi kuujenga.

Jioni ile dada mtu akafika na sufuria. Alikuwa mshonaji, anakaa nyumba chache kutoka hapo, na bado alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Ndani ya sufuria mlikuwa na uji wa maziwa, na juu yake bakuli la maharagwe yaliyopondwa laini. Kaka yake akamzuia mlangoni.

"Hali kitu huyu. Anatumia dawa."

"Dawa gani isiyotaka chakula, kaka?"

"Mdogo wangu, usiniletee ubishi. Ukimlisha baba unaulisha ugonjwa."

"Kwani wewe umekula leo?"

"Mimi si mgonjwa," akasema. "Mzima anakula, mgonjwa anafunga. Ndiyo siri yenyewe."

Dada akachungulia kwa juu ya bega lake. "Baba, utakula kidogo?"

Mzee akageuza uso. Homa lilikuwa limempokonya hamu ya kula, na mtu asiye na hamu hahitaji kushawishiwa sana akatae. "Msikilize kaka yako," akasema. "Kama yeye amesema, amesema."

Sufuria ikarudi ilikotoka. Njia nzima dada alikuwa na hasira za kutosha kuwasha jiko lingine, lakini kaka ni kaka, na baba mwenyewe alikuwa amekata shauri.

Siku zikawa zinapita kwa namna mbaya. Homa lenyewe lilianza kupungua, na Dokta Wembe akashangilia, akawaambia wateja kwamba mgeni anafungasha. Lakini Mzee hakuinuka. Sauti yake ilikuwa inapungua kila kukicha, kama redio iliyoishiwa betri. Kikombe cha dawa kilipofika mdomoni alifumba macho kwanza, kisha akanywa, kisha akashika tumbo. "Inachoma?" mwanawe akauliza. "Inafanya kazi," Mzee akajibu. Dokta Wembe aliondoka pale akijiambia kwamba dawa kali ndiyo dawa. Aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kuiacha ile dawa, kwa sababu akiiacha atabaki tena na mikono mitupu kando ya kitanda, na hapo hakutaka kurudi.

Asubuhi moja alimfuma dada yake chumba cha nyuma. Alikuwa amepita mlango wa uani, ameinama kitandani, na mkononi alikuwa na yai la kuchemsha alilolimenya tayari. Mzee alikuwa amefungua mdomo.

"Ndiyo maana haponi!" Dokta Wembe akafoka. "Kumbe mnanizunguka!"

Akalichukua lile yai. Dada akalia, akasema maneno ambayo hakuwahi kumwambia kaka yake, akatoka akibamiza mlango. Mzee alilifuata lile yai kwa macho, kutoka mkono wa binti mpaka mkono wa mwana, kutoka mkono wa mwana mpaka mlangoni. Dokta Wembe aliyaona yale macho. Akajifanya hakuyaona, akamfunika blanketi, akaenda kazini. Njiani, kwa kuwa chakula hakitupwi, akalila lile yai mwenyewe. Lilikuwa na chumvi kidogo, dada yake alikuwa amekumbuka.

Huo ndio upumbavu wa mwenye hofu. Kila mtu anauona isipokuwa yeye.

Siku ya kumnyoa Mzee ikafika. Wao wawili walikuwa na desturi yao: kila juma, mchana duka likiwa halina watu, baba anakuja, anakaa kitini, mwana anamnyoa na hakuna anayezungumza. Safari hii ilibidi Dokta Wembe alete vifaa chumba cha nyuma. Akamkalisha Mzee kwenye kiti cha jikoni karibu na dirisha, akamfunga kitambaa shingoni, akapiga povu kwenye bakuli.

"Uninyoe vizuri," Mzee akasema kwa sauti ndogo. "Nisije nikaondoka na ndevu za mbuzi."

"Unaondoka kwenda wapi, baba? Acha maneno hayo."

Alianza upande wa sikio. Wembe ukateremka, ukafika kwenye shavu, na hapo mkono wake ukasita. Shavu halikuwepo. Palikuwa na shimo, na chini ya shimo meno.

"Vimba shavu, baba."

Mzee akajaribu. Midomo ikatetemeka, hewa ikatoka pembeni na mlio mdogo. Shavu likabaki vilevile.

"Vimba kidogo tu."

"Siwezi, mwanangu. Sina cha kuvimbia."

Mkono wa kinyozi una akili yake. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mahubiri tangu homa lilipoingia, lakini mkono ulikuwa haujawahi kusikiliza mahubiri, ulikuwa unajua nyuso tu. Ulizijua nyuso za walioshiba na za wenye madeni, za waliolala vizuri na za waliolia usiku. Na sasa ulikuwa umeshika uso huu na kuutambua bila kuuliza mtu. Hii ilikuwa njaa. Wembe ukateleza kwenye ukingo wa taya, na juu ya povu jeupe ukachora mstari mwekundu.

Dokta Wembe aliitazama ile damu, damu ya kwanza maishani mwake kama kinyozi. Kisha macho ya Mzee yakapinduka, jasho baridi likamtoka, na kichwa kikaanguka kifuani.

"Baba! Baba!"

Alimdaka kabla hajafika sakafuni. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa mwashi, mtu aliyekuwa akipandisha matofali ngazini, na karibu aanguke kinyumenyume, kwa maana hakukuwa na uzito. Akatoka naye nje akiita watu. Fundi baiskeli aliacha gurudumu likizunguka, akavuta toroli lake, wakamlaza Mzee juu ya magunia, povu bado usoni, na wakakimbia. Dada mtu aliwaona wakipita dirishani kwake. Alitoka na sindano mdomoni, akaitema njiani, akakimbia pamoja nao bila kuuliza kitu.

Kwenye zahanati, muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimchoma Mzee kidoleni, akasoma kile kipimo, uso ukabadilika.

"Sukari imeshuka sana. Amekula nini leo?"

Dokta Wembe akasogea mbele. "Amekunywa tangawizi. Na limau. Na vitunguu saumu."

"Nimeuliza amekula nini."

Dokta Wembe akageukia mlango.

"Jana?"

Ndipo dada akasema, akiangalia sakafu, "Hajala tangu augue, mama. Ni dawa tu."

Muuguzi aliita mwenzake, wakatafuta mshipa mkononi mwa Mzee. Mishipa ilikuwa imejificha. Wakajaribu mkono wa kulia, wakajaribu wa kushoto, wakarudi wa kulia. Dokta Wembe alisimama ukutani akiitazama sindano ile ikiingia na kutoka, na kila ikitoka alihisi kama inatoka kwake. Hatimaye ikashika. Maji yenye sukari yakaanza kudondoka taratibu kutoka kwenye chupa iliyoning'inia. Wakaambiwa wakae nje.

Kwenye ukumbi wa kusubiria kaka na dada walikaa kila mmoja kona yake. Fundi baiskeli alikaa katikati, mafuta mikononi, akitamani mtu yeyote aseme chochote. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani alisikika mtu akivuta viti, kisha hakusikika kitu. Jua likahama kutoka benchi moja kwenda jingine. Dokta Wembe aliyetaka kila mtu amsikilize sasa aliomba, kwa moyo wake wote, asikie kikohozi kimoja tu cha baba yake.

Muuguzi alipotoka, wote watatu wakasimama.

"Amefungua macho," akasema. "Lakini bado ni dhaifu, nisiwadanganye. Nani alimpa hayo masharti ya kutokula?"

"Mimi." Kisha, kwa kuwa mazoea yana taabu, akaanza kujitetea. "Mama, mimi niliona virusi ni mgeni. Nikasema nikimnyima mgeni chakula..."

"Mwanangu," muuguzi akamkatiza, wala hakupandisha sauti. "Mgeni hukumnyima kitu. Uliyemnyima ni mwenye nyumba."

Dokta Wembe akakaa benchini.

"Kirusi hali ugali wako wala maharagwe yako. Yeye anaingia mwilini na kujizalisha humohumo, umekula au hujala. Anayepigana naye ni mwili, na mwili unatengeneza askari wake kwa kile unachokula. Mayai, maharagwe, samaki, maziwa, mboga za majani, matunda. Mzee kama huyu akikaa na njaa, homa linakuta ngome haina mlinzi. Na mwili ukikosa chakula unaanza kujila wenyewe. Hayo mashavu yake ndiyo yaliyoliwa."

"Kwa hiyo tangawizi ni mbaya?" fundi baiskeli akauliza, maana na yeye alikuwa amekunywa.

"Nani kasema? Tia kwenye chai, tia kwenye mboga, kula uone raha. Kiungo ni kiungo, hakijawa chakula. Tena sikiliza, usije kesho ukasema muuguzi kasema anayekula vizuri haugui. Anaugua. Mimi mwenyewe nakula na nimeugua. Ila akiugua anakuwa na cha kusimamia. Na mzee akianza kudhoofika analetwa hapa mapema, haletwi kwenye toroli." Akamgeukia Dokta Wembe. "Ingia umwone. Usimchoshe."

Mzee alikuwa amelala, povu limekaukia upande mmoja wa uso, upande mwingine umenyolewa nusu, na kipande cha pamba kimebandikwa kwenye taya. Mwanawe akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba."

Mzee akageuza macho polepole. Alimtazama muda mrefu, kama anayekagua ukuta.

"Lile yai," akasema. "Ulilipeleka wapi?"

Angeweza kusema alilitupa. Angeweza kusema limeharibika, na Mzee angeamini, kwa sababu alizoea kumwamini. Dokta Wembe akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda.

"Nililila, baba."

Mlangoni dada mtu alisikia, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha mkono wa Mzee, ule usio na sindano, ukatoka chini ya shuka, ukatambaa mpaka kwenye kichwa cha mwanawe, na kukigonga kwa kifundo cha kidole mara moja, si kwa nguvu.

"Lilikuwa na chumvi?"

"Lilikuwa nayo."

"Nilijua tu," Mzee akasema, akafumba macho.

Hakupona haraka. Walianza na vijiko vya uji kidogo kidogo kama muuguzi alivyoagiza, kwa kuwa tumbo lililofungwa muda mrefu halifunguliwi kwa fujo. Baadaye maharagwe laini, kisha samaki, mboga, papai. Dada alipika, na kaka alilisha. Aliketi kando ya kitanda akipuliza kijiko, na wakati huo wote hakuna aliyemsikia akihubiri. Kuna mchana ambao kikohozi kilirudi wakadhani wanampoteza. Dokta Wembe akamkimbiza zahanati bila kungoja toroli, amembeba mgongoni, na safari hiyo akahisi uzito, akashukuru kwa kila hatua iliyomuumiza kiuno.

Duka lilipofunguliwa tena, ile chupa ya chai ilikuwa haipo mezani. Watu waliliona hilo, na utani haukuchelewa.

"Dokta, leo umetuandikia dawa gani?" akauliza fundi baiskeli kutoka kwenye benchi.

"Mimi kinyozi," akasema. "Kaa ungoje zamu yako. Na nilichokwambia kuhusu mgeni, nilikosea. Karibu kimuue baba yangu. Wengine wote mliokaa hapa nawaambia hivyohivyo." Uso ulimwiva akisema hayo, lakini aliyasema kwa sauti ileile ya mahubiri, ili wa kwenye benchi wote wasikie.

Mzee akaingia akiwa na fimbo, akigonga ukuta wa mlangoni kwa kifundo. Watu wakampisha. Akakaa kwenye kile kiti kilichoshonwashonwa, akafungwa kitambaa, akapakwa povu. Mwana akanoa wembe, akaweka kidole kwenye sikio la baba yake. Mkono ulikuwa bado unaogopa.

"Vimba shavu, baba."

Shavu lilikuwa tayari limevimba. Mzee alikuwa ameingia duka la mwanawe, ambamo tangu lifunguliwe hakuwahi kuruhusiwa mtu kula kitini, na yai zima mdomoni.

"Ngoja," akasema, chumvi ikiwa pembeni ya mdomo. "Bado natafuna."

Benchi zima likaangua kicheko. Dokta Wembe hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, wembe mkononi, machozi yanamlenga, akasimama hapo akingoja baba yake ameze.